Kwa Nini Mchi Hugonga Ukingo wa Kinu

Haya, sogeeni. Na wewe unayetafuna muwa, tafuna kwa adabu, maana hadithi hii ina sauti ndani yake na sitaki ushindane nayo.

Mmewahi kumsikiliza mama akitwanga? Kabla mchi haujagusa nafaka, huugonga kwanza kwenye ukingo wa kinu: ko! Akimaliza, huuburuta kidogo juu ya ukingo ule ule, kisha huuegemeza. Akitaka kurudia, hugonga mara mbili: ko-ko! Mnadhani ni mbwembwe? Thubutu! Kuna kidole kiliumia ndipo sauti hizo zikapatikana, na mwenye kidole aliitwa Nakijwa.

Enzi hizo, kule milima ya Upare, watu walikuwa na maneno ya kila kazi: kulima, kupika, kutwanga, kusuka. Ila hakuna aliyekuwa na neno la kuanza, wala la kumaliza, wala la kurudia. Mwanamke alisema "napika" akiwa ndiyo kwanza anatafuta kuni, na alisema "napika" huku anapakua. Wageni walikaa kutwa nzima wakinusa moshi tu. Mtu alikwenda na jembe lake kumsaidia jirani aliyesema "nalima", akakuta shamba zima limeshalimwa, akarudi nyumbani amenuna. Ugomvi haukuisha, na watu waliuzoea kama wanavyozoea inzi.

Nakijwa aliolewa na Mbonea, akapokelewa na mavyaa wake, mama wa Mbonea, aliyeitwa Nanzighe. Mama huyo alikuwa na ulimi mkali na shingo ngumu. Hajapata kumwomba mtu radhi tangu azaliwe. Lakini alimpenda mkwewe. Alimwekea ukoko wa chungu, akampaka mafuta miguuni alipotoka kuteka maji kwenye baridi ya alfajiri. Nakijwa naye alimpenda kweli, mseme mtakavyo.

Siku moja wakawa wanatwanga mtama pamoja, mmoja kwa mchi, mwingine kwa mkono wa kugeuza na kuchota. Nanzighe akatwanga weee, kisha akausimamisha mchi na kujifuta vumbi la pumba machoni. Nakijwa akaona mchi umetulia. Akaingiza mkono achote. Nanzighe naye, macho yakiwa bado yanamwasha, akaona moyoni mwake kwamba pumba hazijatoka vizuri, akauinua mchi na kuushusha.

Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kikapondeka. Nakijwa akapiga ukelele uliofika ng'ambo ya bonde. Nanzighe akautupa mchi, akamkumbatia, akamfunga majani ya dawa. Lakini alipofungua kinywa aseme jambo, hakuna lililotoka. Angesema nini? Pole husemwa hata na mpita njia; neno alilolitafuta yeye halikuwapo.

Kimya kile ndicho kilichomponza. Kufika jioni kijiji kizima kilikuwa kinanong'ona. "Mavyaa amemchoka mkwe." "Amemponda makusudi, si mnaona hata pole hasemi?" "Lisemwalo lipo!" Habari zikapanda mlima mpaka kwa Mzee Kiangi, baba yake Nakijwa, naye akatuma ujumbe: mwezi ukiandama atakuja mbele ya ukoo kumchukua mwanawe, na hatamrudisha.

Nakijwa aliposikia hivyo alilia kuliko alivyolia siku ya kidole. Hakutaka kuondoka. Mbonea alikuwa mpole, lakini upole wake haukuwa wa kusimama mbele ya Mzee Kiangi. Nakijwa akajua kwamba ndoa hii ataiokoa yeye mwenyewe au itakufa.

Kwa kuwa mkono ulikuwa umefungwa, hakuwa na kazi ila kukaa kizingitini na kusikiliza majirani wakitwanga. Na mtu asiye na kazi husikia mengi. Akagundua kwamba kinu hakina sauti moja. Mtama ukiwa mzima, kinu hulia kikavu. Ukishakuwa unga, mchi huzama na sauti hufifia. Chenga zikirudishwa baada ya kuchekecha, hukwaruza. Nakijwa akacheka peke yake pale kizingitini. Kumbe kinu kinasema siku zote! Watu ndio mabubu. Kuanzia hapo akawa anayatafuta maneno kinywani, akiyajaribu na kuyatema, mpaka akapata matatu yaliyokaa sawasawa. Hakumwambia mtu.

Mwezi ulipoandama, Mzee Kiangi akaja na kaka zake. Ukoo ukakaa uani. Alisalimiwa, akapewa kiti, akakataa kukaa.

"Sikuja kula wala kunywa," akasema. "Nakijwa, funga mizigo yako. Nilitoa binti mwenye vidole vyote."

"Baba, shikamoo," Nakijwa akajibu. "Nitafunga mizigo ukitaka. Lakini nakuomba uone jambo kwanza."

Akaburuta kinu katikati ya ua, akamimina mtama, akamkabidhi Nanzighe mchi. Kisha akakunja nguo begani na kuuingiza mkono wa kushoto, ule mzima, ndani ya kinu.

Watu wakaruka. "Una wazimu?" Mzee Kiangi akafoka. "Na huo pia?"

Nanzighe akarudi nyuma. Machozi yalikuwa yanamtiririka, mwanamke yule ambaye hakuna aliyewahi kumwona akilia. "Siwezi, mwanangu. Siwezi kuushika mchi nawe mkono wako umo humo."

"Utaushika, mama. Sikiliza tu. Kabla ya kushusha, gonga ukingo mara moja useme: naanza. Ukitosheka, uburute mchi ukingoni useme: nimemaliza. Ukiona pumba zimebaki, gonga mara mbili useme: narudia. Mimi nitafumba macho."

Akafumba kweli. Kuku walisikika wakiparua uani.

Ko! "Naanza," Nanzighe akasema. Mkono ukatoka na mchi ukashuka. Akatwanga, mwanzoni kwa woga, baadaye kwa nguvu zake za siku zote. Mchi ukaburutika ukingoni. "Nimemaliza." Mkono ukaingia, ukachota, ukageuza. Nanzighe akachungulia, akaona pumba. Hapo ndipo palipoharibika siku ile, na kila mtu alijua. Ko-ko! "Narudia!" Mkono ukachomoka, na mchi ukatua juu ya mtama mtupu.

Wanawake wakapiga vigelegele. Wazee wakatazamana kama watu waliotafuta kofia na kumbe wameivaa. Lakini Mzee Kiangi hakutikisika.

"Kazi nimeiona," akasema. "Ni kazi nzuri. Na kidole je?"

Vigelegele vikazima. Nanzighe akabaki ameshika mchi. Alikuwa ametafuta neno tangu siku ile ya majani ya dawa, akalala nalo na kuamka nalo bila kulipata. Sasa lilikuwa mkononi mwake, lingali na joto. Akaulaza mchi chini, akapiga magoti mbele ya mkwewe, yeye mtu mzima, mbele ya ukoo wote.

"Mwanangu, nilikuumiza," akasema. "Sirudii."

Nakijwa akafungua kitambaa cha mkono wa kulia, akautoa mkono wenye kidole kilichopinda, na akauingiza kinuni kuchota unga mbele ya mama huyo. Mzee Kiangi akatazama. Akatazama sana. Kisha akavuta kile kiti alichokikataa, akakaa, akauliza kama ugali utapikwa au watu watatazamana mpaka usiku.

Na tangu siku hiyo, mchi hugonga ukingo wa kinu kabla ya kushuka, na watu husema wanaanza, wamemaliza, au wanarudia. Na tangu siku hiyo pia, mtu akikukosea akaja na maneno mengi, wee msikilize tu, mpe na maji ya kunywa, lakini usimpe mkono mpaka aseme kwa mdomo wake mwenyewe kwamba harudii. Akishasema hivyo, nawe mpe ule ule aliouumiza.