Kampani ya Baba Mkwe

Wapendwa, sogeeni mbele kidogo, viti vya huku haviumi mtu.

Kulikuwa na mwalimu mmoja wa Kiingereza, mama mwenye watoto wadogo. Baba mkwe wake alipofiwa na mke, alihamia kwake. Mume wa mwalimu alikuwa dereva wa malori, leo yuko nyumbani, kesho yuko mpakani, kwa hiyo mzee akabaki mikononi mwa mkwe.

Na mkwe alijua heshima! Kwao mke wa mtoto hali chakula na baba mkwe wake, ni mwiko. Kila jioni alimwandalia peke yake sebuleni: sahani nzuri za wageni, firigisi juu kabisa, kawa limefunika. Alipiga magoti, akamnawisha, akasema, "Karibu chakula, Baba," kisha akarudi jikoni kula na watoto. Na huko jikoni, mnawajua watoto, ilikuwa vicheko mtindo mmoja.

Shida ni kwamba chakula kilikuwa kinarudi. "Nimeshiba, mwanangu. Mungu akubariki." Ameshiba nini, na ugali umemegwa pembeni tu kama umeonjwa na panya? Mwalimu akabadilisha mapishi: ndizi, wali, supu ya kongoro. Wapi! Akampeleka hospitali, daktari akapima kila kitu, hakuona ugonjwa. Mzee akazidi kupungua hadi mkanda wake ukakosa tundu la kufungia. Mwalimu aliogopa sana. Alimpenda yule mzee, na alimwona anamponyoka mbele ya macho yake.

Siku moja mchana alikuwa anaandaa somo juu ya asili ya maneno. Akafungua kamusi yake nene ya Kiingereza, kwenye neno ambalo hata sisi tumeshalichukua: kampani. Si tunasema, "Njoo unipe kampani"? Siku hizi neno hilo limepanda cheo, limekuwa kampuni, lina geti na mlinzi wa kukuuliza una miadi na nani. Lakini kamusi ilimwonyesha lilikotoka. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, na mzizi wake ni maneno mawili ya Kilatini: "pamoja" na "mkate". Mtu wa kukupa kampani, hapo mwanzo, alikuwa yule unayekula naye mkate mmoja.

Mwalimu akasoma, akarudia kusoma, akafunga kamusi. Akainua macho. Kule sebuleni mzee alikuwa ameketi, na viti vingine vyote vilikuwa vitupu.

Jioni ile alipakua ugali na kuku kwenye sinia moja, firigisi juu, akaliweka mezani, akamnawisha mzee, akanawa na yeye, akaketi. Mzee akashtuka.

"Mwanangu, utakula na mkweo? Watu watasemaje?"

"Waache waseme, Baba. Leo nimekuja kukupa kampani."

Mzee akachukua ile firigisi, akaigawa, nusu moja akamsogezea mkwe wake. Wakala. Mzee akamega na kumega mpaka tonge la mwisho, akapangusia mchuzi. Halafu akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeomba kitu kikubwa:

"Mwanangu, huwa mnacheka nini kule jikoni?"

Mwalimu akalia.

Wapendwa, yule mzee hakuwa mgonjwa. Kila jioni alikuwa anasikiliza vicheko nyuma ya ukuta, na mbele yake ana firigisi.

Sasa tuje kwetu sisi. Ni wazee wangapi tumewafunikia kawa tukaondoka? Mama yuko kijijini, tunamtumia hela kwa simu, tunampigia, "Imeingia?" Akisema imeingia, tunakata. Mgonjwa tunampelekea matunda, tunamwachia nesi, tunawahi shughuli zetu. Na tunasema tumetimiza wajibu! Ni kweli, sahani imefika. Je, nani kati yetu aliketi? Mungu wetu mwenyewe angeweza kutuletea chakula tu kutoka mbinguni, lakini alimtuma Mwanawe aje aketi mezani na watu.

Basi leo tukitoka hapa, ukifika nyumbani usiulize mama amekula nini. Uliza amekula na nani. Na ukiambiwa amekula peke yake, ndugu yangu, nawa mikono ukakae naye.