Moshi wa Korongoni

"Aliye juu huona moshi, haoni chungu." Jana mmemsikia diwani akiisema mkutanoni, eti wahenga walisema, na nyie mkapiga makofi. Wahenga gani? Methali hii ina siku yake ya kuzaliwa na mimi nilikuwepo. Mimba yake iliingia Jumatano, tarehe kumi na nne Agosti, asubuhi ya jua kali na upepo, siku ambayo hapa Itobela kila kitu kiliharibika. Kesho yake ikatamkwa. Aliyeitamka ni mama mkwe wangu, Nyamizi, na aliyeambiwa ni jenerali wa jeshi, mbele ya bunduki zake. Mmeniuliza, basi kaeni. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, msinitafutie maneno ya kitabuni.

Huyo jenerali anaitwa Mihambo. Tulimjua angali kapteni, kijana mwembamba, viatu vimekwisha soli. Waasi walikuwa wameingia msituni mara ya kwanza, wakipora ng'ombe na kukata watu, naye akaletwa na kikosi chake kuwatoa. Wenzake walikaa kambini wakitazama msitu kwa darubini. Yeye alitembea. Akiona moshi popote, anaufuata kwa miguu mpaka kwenye mafiga, anauliza, "Mnapika nini hapa?" Waliokuwa na jibu aliwaacha. Waliokosa jibu aliwafunga. Ndivyo alivyowamaliza waasi wale, na ndivyo alivyofika kwetu.

Mke wangu Kalunde alikuwa mfinyanzi, kama mama yake. Wanawake wetu hawachomi vyungu kijijini. Kwanza ni mwiko, pili nyumba za nyasi na upepo wa Agosti haviaminiani. Huchomea kule chini korongoni, wanapanga vyungu, wanafunika kwa kuni, samadi na majani mabichi, na moshi wake si mchezo, unapanda mweusi kama wa kijiji kinachoungua. Kapteni Mihambo akauona, akashuka na bunduki mkononi. Akakuta wanawake wanaimba.

"Mnapika nini hapa?" akauliza.

"Tunapika vyungu," Kalunde akamjibu. "Na wewe unapikwa na nani, mbona hujaiva?"

Wanawake wakacheka. Kumbe kijana ni mtu wa kule ziwani, na watu wa ziwani ni watani wetu tangu babu na bibi. Mtani hakasiriki. Akaweka bunduki chini, akala viazi vilivyookwa kwenye majivu yale yale, na jioni akala kwangu. Toka siku ile Kalunde akawa dada, mimi shemeji, na Nyamizi akawa mama. Akipita hapa lazima aibe kitu, kuku au kanga kwenye kamba, kama watani wafanyavyo, na Nyamizi lazima amtukane mpaka njiani.

Kisha akapanda. Tukasikia redioni ni meja, mara kanali, mara brigedia. Kila cheo Kalunde alikuwa anapiga kigelegele peke yake uani. "Mtani wetu huyo," anasema. "Alipikwa kwenye majivu yangu."

Miaka ikapita, waasi wakarudi, wakali kuliko wale wa kwanza. Serikali ikamleta Mihambo, sasa jenerali, mkuu wa operesheni nzima. Safari hii hakuja kwa miguu. Alikuja kwa helikopta, akakaa kambini pale kwenye uwanja wa shule. Nisimzulie: askari wake wengi walikuwa wamekufa wakitembea, mabomu yamefukiwa njiani, mtu anakanyaga na kwisha. Kwa hiyo akaacha kutembeza watu. Akatoa amri: moshi wowote nje ya kijiji ni moshi wa waasi.

Amri ilisomwa kwa kipaza sauti juu ya gari. Hakuna mkubwa aliyeuliza wafinyanzi watafanyaje. Mwenyekiti wetu alitikisa kichwa tu, ndiyo mkuu, ndiyo mkuu. Vyungu vilikuwa vimekwisha kukauka, na chungu kilichokauka kisipochomwa kinarudi kuwa udongo. Ndicho kilichokuwa kinatulisha, maana mashambani hakwendeki.

"Nenda kamwambie mtani leo tunachoma," Kalunde akaniambia asubuhi ile. "Korongo letu analijua. Moshi wangu anaujua."

"Si usubiri niende nirudi?"

"Upepo ukigeuka nani atausubirisha? Nenda bwana, na umwambie arudishe kanga yangu."

Nikaenda. Kutoka korongoni mpaka kambini si mbali, ukiteleka maharage utakwenda na kurudi hayajaiva. Getini nikamkuta sajini mmoja, kijana wa juzi tu, ananitazama kama mzigo.

"Unataka nani, mzee?"

"Jenerali."

"Jenerali!" Akawageukia wenzake. "Jamani, huyu kaja kumwona jenerali. Mzee, mkeo ndiye waziri?"

"Mke wangu ni dada yake. Kamwambie shemeji yuko getini."

Wakacheka, wakaniacha juani. Helikopta ilikuwa imekwisha kuanza kunguruma ndipo Mihambo akatoka. Amenenepa, ana magoti mabovu, anatembea kama anakanyaga miiba. Nikapiga kelele, "Mtani!" Akasimama. Akanijua. Nasema akanijua, maana alitabasamu.

"Shemeji! Bado hujafa?"

"Nitakufaje na kanga yetu unayo? Nimekuja kukwambia, leo kina Kalunde wanachoma vyungu korongoni. Utaona moshi. Ni wao."

Tabasamu likaondoka. "Shemeji, unajua wiki hii wamekuja wangapi hapa? Kila mmoja anasema moshi ule ni wa mama yake. Tumewaamini, tumekwenda, tumekuta bunduki."

"Mimi sikudanganyi. Tuma askari mmoja ashuke akatazame. Mmoja tu. Au nifuateni mimi, nitangulie mbele, bomu likiwepo nilikanyage mimi."

"Situmi mtu kwa miguu tena. Nimezika wa kutosha."

"Basi njoo wewe. Njia unaijua."

Akatazama magoti yake, akatazama ile helikopta. Msaidizi wake akamgusa bega, akamwambia muda unakwenda. "Nimekusikia, shemeji," akasema. "Rudi nyumbani." Akapanda.

Nimekusikia. Neno hilo nimelala nalo mpaka leo.

Nikaanza kukimbia. Nilipofika kwenye mteremko nikaona moshi wetu umepanda, mweusi, mnene, kama nilivyowaambia. Helikopta ikauzunguka mara moja. Nikavua shati nikapunga. Ikazunguka tena, kisha ikapiga. Mlio wake sitauelezea. Nilipofika chini hapakuwa na wimbo. Kalunde nilimjua kwa mkono, ulikuwa bado na udongo kwenye kucha.

Jioni redio ikatangaza kwamba kambi kubwa ya waasi imesambaratishwa katika korongo la Itobela, na mkuu wa operesheni anapongezwa. Tulisikiliza tumekaa na maiti zetu.

Kesho yake, tukiwa tunazika, akaja. Labda kuna mtu alimwonyesha picha za korongoni, au alishuka mwenyewe baada ya kazi kwisha, sijui. Alikuja na askari na magunia ya mchele. Wazee wakainama. Mwenyekiti akasema karibu mkuu, pole kwa safari. Mnasikia? Sisi tumefiwa, yeye anapewa pole ya safari.

Jenerali akasema, "Ndugu zangu, vita ni vita. Kutoka juu tuliona moshi tu."

Hapo Nyamizi akasimama. Kichwa wazi, hana hata kitambaa, majivu mpaka shingoni. Askari wakakaza bunduki. Mihambo akawazuia kwa mkono, maana alijua kinachokuja. Kwetu mtani akija msibani anasema lolote na anaambiwa lolote, na hakuna wa kumshika mwenzake. Lakini kuna sharti: ukiulizwa na mtani mbele ya kaburi, lazima ujibu. Usipojibu, utani umekufa.

"Mtani," Nyamizi akasema, "tumbo hilo limekutangulia. Zamani ulikuja hapa mbavu zinahesabika, nikakulisha. Sasa umeshiba, umeota mabawa. Si kosa lako kuona moshi. Aliye juu huona moshi, haoni chungu."

Hakuna aliyecheka. Ndivyo methali ilivyotoka, kwenye mdomo wa mama anayezika. Haikutoka kwa wahenga.

Akaendelea, sauti ikashuka. "Lakini wewe ulikuwa chini, mwanangu. Ulikula humo. Na asubuhi ile uliambiwa. Basi nakuuliza mimi mtani wako, nijibu mbele ya dada yako aliyelala hapa. Ulipouona ule moshi, ulimkumbuka nani?"

Tukasubiri. Hata askari walimtazama. Mihambo akavua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Midomo ikacheza. Nilidhani atasema. Msaidizi wake akamnong'oneza kitu, akaivaa kofia, akageuka akaenda zake. Magunia ya mchele yakabaki pale njiani mpaka mchwa wakayala.

Vita vikaisha kwa namna yake, wakubwa wakapeana mikono huko hotelini. Mihambo akavishwa nishani, akastaafu kwa gwaride, anaishi mjini. Ilikuja tume kuniuliza maswali, nikajibu yote. Nilipowauliza lile moja la Nyamizi, wakasema halimo katika kazi yao. Nyamizi naye amekufa, hakuletewa jibu. Na watani wa ziwani hawaji tena misibani kwetu, tunazikana kimya kimya.

Methali ikatembea yenyewe, ikafika sokoni, ikafika mjini, mpaka jana imefika mdomoni mwa diwani, ambaye alishuka kwenye gari lake akaisema vizuri, akapanda gari lake akaondoka. Aliye juu huona moshi, haoni chungu. Mmeielewa sasa. Ila hiyo ni nusu, nusu iliyomsamehe. Nusu ya pili hamna aliyeisema mkutanoni, nami naiuliza badala ya mama mkwe wangu: mtu aliyekuwa chini, akala, akaambiwa, alipouona ule moshi, alimkumbuka nani?