Muhuri Mwekundu wa Tseng

Wazee waliosema kwamba mficha maradhi kifo humuumbua hawakuwahi kuona kompyuta, ila woga wa binadamu waliujua nje ndani. Anayeficha ugonjwa hauponyi, anaulea tu. Tseng Po-yu wa Taipei alilijua hilo maji yakiwa yamemfika shingoni.

Po-yu alikuwa mpimaji katika kampuni ndogo ya kadi za picha, zile zinazoipa kompyuta nguvu ya kuchezesha michezo. Jumanne hiyo alipima kadi mpya ya bei ya kati, dola za Taiwan elfu tisa na mia tisa, ambayo hata wanafunzi wangeimudu. Ilikuwa nzuri kweli. Ilichezesha mchezo mzito bila kukwama, na feni zake hazikupiga kelele. Lakini ilipoingia saa ya tatu joto lilipanda, harufu ya plastiki ikamjia puani, na kioo cha kompyuta kikawa cheusi.

Po-yu aliogopa. Ofisini walinong'ona kwamba mpimaji aliyemtangulia alifukuzwa wiki ya uzinduzi, kwa ajili ya kadi mbovu. Basi akaandika kwamba kadi ni salama na ubora wake unazidi bei, akagonga muhuri mwekundu wenye jina lake. Kisha, kama ilivyo desturi ya mafundi wa huko, akaweka juu ya mashine pakiti ya kijani ya vitafunio vya nazi ili isilete ukorofi.

Kesho yake wenye maduka walikuja kuijaribu kadi kwenye mashine ile ile. Onyesho lilikuwa la saa moja tu. Ila vibweta vya chakula vilichelewa, na wageni walikwisha kunogewa, wakaendelea kucheza. Saa ya pili ikaisha. Po-yu alitokwa na kijasho chembamba, na kila feni zilipoongeza kasi alitazama mlango.

Kioo kikawa cheusi. Moshi ukafuka.

Mgeni mmoja aliinua pakiti, akasoma tarehe. "Ndiyo maana. Hii imeisha muda tangu mwezi jana. Mnailisha mashine makombo, halafu mnataka ifanye kazi?"

Watu wakacheka. Po-yu naye akacheka, akidhani ameponea chupuchupu. Mkuu wake, Dada Liao, hakucheka. Alitia kadi nyingine, akaiwasha mashine na kufungua kumbukumbu ambayo mashine hujiandikia yenyewe. Ilikuwa imezimika kwa joto mara mbili: leo, na Jumanne. Akamvuta Po-yu pembeni.

"Kumbe ulijua, mdogo wangu."

"Niliogopa, Dada. Yule wa kwanza si alifukuzwa?"

"Alifukuzwa kwa kuficha, si kwa kusema. Feni tungezibadilisha kwa wiki mbili tu. Muhuri wako je, nani atauamini tena?"

Po-yu aliutoa muhuri mfukoni, akauacha mezani kando ya ile pakiti, akachukua koti lake na kutoka. Ama kweli, mficha maradhi kifo humuumbua.