Kiti Juu ya Doa

"Ni mimi ninayenuka?"

Mama mmoja mzee aliuliza hivyo sebuleni kwa mwanawe, mchana kweupe, na hakuna aliyemjibu. Mwanawe alitazama dirishani. Mkwewe akakusanya vikombe ambavyo bado vilikuwa na chai. Naomba mlishike swali hilo, wapendwa, kwa sababu tutalirudia.

Nyumba yao ilikuwa kwenye mji wa milimani, mji ambao ukungu wake hauna adabu: unaingia bila hodi, unakaa kwenye viti, unalowesha mapazia. Na sakafu ya nyumba hiyo ilikuwa ya mawe meupe. Sisemi vigae. Nasema jiwe lenyewe, lililokatwa mlimani na kusuguliwa mpaka likawa kama maziwa yaliyotulia bakulini. Ukilikanyaga peku, ulihisi unatembea usingizini. Watu walivua viatu mlangoni bila kuambiwa, na wakishaingia walishusha sauti.

Walikuwa na paka. Paka huyo akachagua kona moja karibu na dirisha, akakojoa hapo. Kesho yake akarudia. Mnawajua paka.

Sasa, jiwe la namna hiyo ukilitazama unadhani limefunga. Halijafunga. Lina vitundu ambavyo macho hayavioni, na linakunywa. Kinachomwagika juu yake kinashuka polepole, kinajilaza humo ndani. Lakini yule mkwe, mwenye nyumba, alikuwa na wageni mchana huo, na mtu anayengoja wageni hana muda wa kuuliza jiwe linataka nini. Akakamua malimau, akaongeza siki, akasugua kwa brashi mpaka mikono ikamuwasha.

"Inanukaje sasa?" akamuuliza mumewe.

Mume akainama, akanusa. "Kachumbari."

"Kachumbari siyo mbaya. Si watakula pilau?"

Wakacheka wote wawili. Lakini ukali wa limau hula jiwe hilo. Palipokauka, mng'ao ulikuwa umekufa, pamebaki baka kama jicho lenye mtoto wa jicho. Wakatandika zulia dogo jekundu juu yake. Hata hivyo, zulia lililo peke yake konani linauliza maswali, sivyo? Ikabidi kutafuta kitu cha kuweka juu ya zulia. Macho yao yakaangukia kiti cha yule mama mzee.

Huyu alikuwa mama mzazi wa mume. Siku zote alikaa popote alipopenda. Siku hiyo wakamshika mkono: "Mama, hapa ndipo pako. Unaota jua, unaona bustani." Wageni walipoingia wakasifu sana. Tazama heshima! Mama ana kiti chake, ana zulia lake! Na mama naye akafurahi, akawa anatabasamu pale dirishani kama picha. Paka akatiwa kwenye kapu, akapelekwa kwa ndugu wa mbali.

Wenzangu, mmeona kilichofanyika? Walimkalisha juu ya doa, na watu wakaita heshima.

Miezi ikapita kama ipitavyo ndotoni, bila kuacha nyayo. Siku za jua nyumba ilinukia vizuri. Ukungu uliposhuka, harufu ilipanda. Ilipanda taratibu kutoka ndani ya jiwe, ikapenya zulia, ikazunguka miguu ya kiti, ikatulia kwenye kanga za mama. Na wale wawili walikuwa wameshasahau. Si ndiyo maana watu huficha jambo, wapate kulisahau?

Jirani mmoja akamvuta mke jikoni.

"Shoga, usinichukie. Bibi siku hizi anawahi chooni kweli?"

"Anawahi."

"Haya. Mimi sijasema kitu."

Alikuwa ameshasema. Wakaanza kumwogesha mama asubuhi na jioni. Kanga zake zikafuliwa kabla hajazivaa. Wakamnunulia nepi za wazee, wakaziweka kitandani kwake bila neno. Mama akajaribu utani: "Mnanisugua kama sufuria la harusi, mbona bwana harusi simwoni?" Hakuna aliyecheka. Ndipo akauliza lile swali, na mnajua alivyojibiwa.

Baada ya hapo wakamhamishia chumba cha uani.

"Utapumzika vizuri huko, mama," mwanawe akasema.

"Nimechoka na nini, mwanangu?"

Mwanawe akabeba mto wake, akatangulia.

Alasiri moja ukungu ukaingia mpaka katikati ya sebule. Mume na mke walikuwa wamekaa wawili tu. Kiti cha mama kilikuwa kitupu. Na sebule ikaanza kunuka.

Wakatazamana. Mume akanyanyuka kama mtu anayetembea ndani ya maji, akasogeza kiti, akafunua zulia.

"Paka," mke akanong'ona.

"Paka si tulimpeleka?"

"Tulimpeleka. Mkojo wake ulibaki ndani ya jiwe."

Mke akaenda kwa waliowauzia yale mawe, akauliza walichotakiwa kuuliza tangu mwanzo. Kisha akapiga magoti. Safari hii hakushika limau wala brashi. Alichanganya unga wa magadi ya kupikia na maji mpaka ukawa kama uji mzito, akaupaka juu ya baka, akaufunika kwa nailoni, akaacha. Uji ulipokuwa ukikauka polepole, ulivuta juu kilichokuwa kimelala chini. Akaukwangua taratibu, akasuuza kwa maji matupu, akapaka tena. Alirudia kwa uvumilivu mpaka ukungu ukaja na kuondoka, na sebule haikunuka. Baka la limau halikutoka. Ona hapo: uchafu wa paka ulitoka, alama ya kuficha ndiyo iliyobaki.

Mwana akakimbia uani, furaha tele. "Mama, toka! Njoo ukae nasi, sebule imetakata!"

Mama akainua uso. Akajibu kwa upole kabisa:

"Nakuja, mwanangu. Ngoja nikaoge kwanza."

Mnasikia? Harufu ilitoka kwenye jiwe, lakini ilikuwa imeshahamia kwa mama. Na ni magadi gani utakayompaka mtu?

Sasa nawageukia ninyi, nikiwamo na mimi, sisi wa ushirika huu tunaokaa mistari ya mbele na kuimba kwa kufumba macho. Tulikuwa na kiongozi. Aliwaita mabinti chumbani kwake, akaita ushauri. Tulipojua tulifanyaje? Tulimkatia keki. Tukamwombea safari njema, tukampeleka mbali kama yule paka kwenye kapu. Kisha tukatandika zulia letu: "tusilichafue jina la Bwana." Na juu ya zulia tukamweka nani? Dada yetu, yule aliyesema alichofanyiwa. Harufu ilipoanza kupanda, tulimnusa yeye. Tukamtoa kwenye kwaya, eti apumzike. Amechoka na nini?

Siku ile kwenye kikao alisimama akauliza, "Kwani mimi ndiye niliyekosea?" Tukatazama simu zetu. Na hatusemi kwamba tulikuwa wabaya, hapana, tunasema tulikuwa na busara! Busara ya nani hiyo? Kunyamaza nako ni jibu, wapendwa, na yeye alilisikia vizuri kuliko mahubiri yetu yote.

Juzi nilikwenda hosteli anakoishi, kumwomba aje leo. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Akaniambia, "Nitakuja, dada. Ngoja kwanza nitubu."

Atubu nini?

Kazi ya kupiga magoti juu ya jiwe lile tutaifanya, na haitakuwa ya siku moja. Yule kiongozi ataandikiwa, wazee wa kanisa wataambiwa, na majina ya waliojua yatasemwa, likiwamo la yeyote aliye na cheo humu. Lakini hilo ni jiwe. Leo ninamzungumzia mtu.

Ukitoka hapa, kabla ya kwenda kula, pita hosteli kwake. Usimpelekee mstari wa Biblia, usimpelekee matunda. Simama mlangoni umjibu swali lake. Mwambie, "Si wewe." Ninakuomba.