Taa ya Mama Cheche

Paukwa!
Pakawa!
Aliye mbali?
Asogee!
Mwenye usingizi?
Akalale, asituharibie!

Zamani, zamani sana, kulikuwa na nyota mmoja, jirani zake wakimwita Mama Cheche kwa jina la mwanawe wa pekee. Alikuwa na jiko la mafiga matatu, na moto wa jiko lile ndio uliokuwa mwanga wake.

Siku moja Cheche akaona vimulimuli wakicheza ngoma duniani.

"Mama, niende?"
"Hapana."
"Mama, niende?"
"Hapana."
"Mama, jamani, niende!"

Mama akachoka. Kina mama mliopo hapa mnakujua kuchoka kule.

"Haya, nenda. Nina kuni kavu za siku tatu. Utarudi kwa kuupanda mwanga wa jiko langu. Siku tatu zikipita utapoa, mwanangu, uwe jiwe."

"Nimesikia, mama."

Akashuka, shuuu! Usiku wa kwanza akacheza. Usiku wa pili akacheza, akasahau na kwao. Mama roho juu. "Mwanangu haioni taa," akasema. Akatia kuni za siku ile, akatia na za kesho, zote! Mbingu nzima ikageuka kutazama. Cheche hakuinua hata kichwa.

Usiku wa tatu Cheche akasema, "Sasa namtaka mama." Kule juu, mama hana hata kijiti kikavu. Akakata kuni mbichi, akazisukumiza jikoni, akapuliza, akapuliza, akapuliza. Moshi! Masizi yakamfunika uso mzima.

"Kimulimuli, umeiona taa ya mama?"
"Sijaiona."
"Popo, umeiona taa ya mama?"
"Sijaiona."
"Bundi, wewe unaona mbali, umeiona taa ya mama?"
"Pole, mwanangu. Kwenu wamezima."

Cheche akadhani ametupwa. Akakaa chini, akalia, akapoa. Kulipokucha alikuwa jiwe jeusi.

Kule juu kuni zile zikakauka, zikawaka. Mama akajifuta masizi, akang'aa tena. "Cheche! Cheche! Cheche!" akaita. "Labda mwanga hautoshi," akasema, akasukumiza kuni mbichi nyingine. Ndivyo alivyo mpaka leo: anang'aa, anafifia hata humwoni, anang'aa tena, anaita. Hakuna aliyethubutu kumwambia.

Basi, unayemsubiri mtu, bakiza kuni za kesho. Nawe unayesubiriwa, nenda nyumbani.

Ngano yangu naitua hapa, anayeiweza aibebe. Na nyinyi msinikodolee macho. Ni moshi tu.