Moto Uliofukiwa Chini ya Miombo

Zamani, wajukuu zangu, kabla bibi wa bibi yangu hajaota meno, miombo haikuwa na desturi hii mnayoiona. Kiangazi kikifika ilipukutisha majani, ikasimama uchi na kungoja mvua kama viumbe wengine wote. Mvua ikinyesha, ikachipua kijani. Isiponyesha, ikangoja. Na kila mti ulikuwa na mzizi wake peke yake, haujui habari za jirani.

Katika nchi hiyo aliishi Kalekwa, mke wa mrina asali aliyeitwa Mihayo. Nyumbani mwao alikuwamo pia mama mzazi wa Kalekwa, Bi Nyanzala, ambaye miguu yake ilikuwa imekufa. Alilishwa, aliogeshwa, na kila adhuhuri alibebwa mgongoni kutolewa nje aote jua. Aliyembeba ni Kalekwa peke yake. Ndugu hakuwa nao, na Mihayo alikuwa mkwe. Mkwe hamgusi mama mkwe, hata nyumba ikiwaka.

Mwaka mmoja, kiangazi kikiwa ukingoni na nyasi zimekauka kama ngozi ya ngoma, nyuki walimuuma Mihayo mkono ukavimba ukawa kama kibuyu. Mizinga miwili ilikuwa bado haijarinwa.

"Nenda wewe, mke wangu," akasema. "Nyuki hawaulizi mwanamume yuko wapi."

Kalekwa akachukua kienge, ule mwenge wa nyasi wa kuwafukizia nyuki, akapanda, akarina, wala hakuumwa. Alipomaliza alifanya lile alilolifanya jikoni siku zote za maisha yake. Hakuuzima moto, maana moto mzuri hautupwi. Aliufukia. Jikoni moto hufukiwa majivuni, asubuhi ukaufukua na kuupuliza ukapikia uji. Kule porini majivu hayakuwapo. Akaufukia kwenye majani makavu, mazoea tu ya mikono, akajitwisha asali yake akaenda zake.

Hakufika hata kisimani, moto ukalipuka nyuma yake. Msitu uliungua siku tatu.

Ulipozimika palibaki visiki vyeusi kutoka kilima hiki hadi kile. Nyuki walihama. Watu wakakusanyika kwa Mtemi, na jirani mmoja mwenye mdomo, Gindu, akasimama mbele ya wote.

"Wenzake hupika ugali," akasema. "Huyu katupikia msitu mzima, na chumvi hakutia!"

Watu wakacheka, kile kicheko cha watu wenye njaa. Mtemi hakucheka.

"Msitu umekufa," akasema. "Mwezi ukiandama tutang'oa visiki tulime mtama. Na aliyeuua ataondoka nchini siku hiyo hiyo."

"Na mama yangu, Mtemi?"

"Mama yako hakuchoma kitu. Atabaki."

Kalekwa akarudi nyumbani akiwaza. Abaki na nani? Akamsimulia mama yake yote, na mwisho akasema, "Mayu, mama yangu, nimeuua msitu."

Bi Nyanzala akatafunatafuna midomo yake. "Ule moto uliuzima?"

"Niliufukia."

"Basi nani kakwambia moto uliofukiwa umekufa? Mimi nilikufunza nini?"

Kulipokucha Kalekwa alishika jembe akaenda kwenye kisiki kilichokuwa karibu na mahali alipokifukia kienge. Akachimba. Akaingiza mkono, akakuta mzizi una joto, kama chungu kilichoepuliwa kitambo kidogo. Akaufuata kwa vidole. Mzizi ule ulikuwa umenyoosha mkono hadi kwenye mzizi wa jirani, ukaushika, na wa jirani ukashika wa tatu. Maana moto ulipozama ardhini hakuna mzizi ulioweza kuubeba peke yake. Wa kwanza uligawia wa pili, wa pili ukagawia wa tatu, kila mmoja ukashika kiasi unachokiweza, na hivyo yote ikapona. Kalekwa akarudishia udongo taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto.

Mwezi ukaandama. Watu wakaja na majembe, wakamkuta amepiga magoti penye kisiki kile, amekifukua tena.

"Ngojeni nipulize," akasema.

"Puliza, dada," Gindu akajibu. "Na chungu tukuletee?"

Akapuliza. Kimya. Mtu wa kwanza akainua jembe. Lakini Kalekwa alikuwa amefunzwa kwamba jiko halishiki kwa pumzi moja. Unapuliza, unapumzika, unapuliza tena. Akapuliza mara ya pili, majivu yakamwingia machoni. Akapuliza ya tatu.

Ubavuni mwa kisiki kikatokeza kitu chekundu, kidogo kama kaa la moto. Gindu akaruka, akakimbilia kibuyu cha maji aje azime. Kumbe ni jani. Kabla hajarudi, kisiki cha pili kikatoa jekundu lake bila kupulizwa na mtu, kisha cha tatu, na wekundu ukatembea kilima hadi kilima, ungedhani msitu unaungua upya, ila moshi haupo. Na mbinguni hapakuwa na wingu hata la kufunika jicho.

Mtemi akainama, akalishika jani. Lilikuwa laini, tena baridi.

"Rudishieni udongo," akasema. "Hakuna aliyeuua."

Kalekwa hakungoja kusifiwa. Jua lilikuwa la utosi, na mama yake alikuwa hajatolewa nje.

Na tangu siku hiyo miombo haingoji mvua. Ardhi ikiwa bado ngumu, inachipua majani mekundu kwanza, kwa moto ule iliogawana. Mvua ikija inaupoza, majani yakawa kijani. Mrina asali, awe nani, hatoki porini kabla hajakimwagia kienge chake maji. Na anayekata myombo kwa ajili ya gome la mzinga haling'oi shina lake. Mkewe huja na majivu ya jikoni, gao moja tu, kiasi cha kiganja, akayamwaga penye kisiki moto ulale, akarudi nyumbani kupika.