Pinde Zilizomngoja Amiri

Wamepokea watu wa kale, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa mpakani aliishi fundi wa pinde aitwaye Ukasha, mcha Mungu, ambaye hakugusa mti wa kuchonga ila akiwa na udhu.

Ikatoka amri kwa Amiri kwamba anakuja kukagua ghala la silaha. Basi pinde zote zitiwe kamba na kukazwa, alikute jeshi liko tayari. Zikakazwa. Amiri akacheleweshwa na mvua, kisha na harusi, kisha na uchovu wa harusi. Pinde zikakaa vivyo hivyo msimu mzima.

Ukasha akamwendea msimamizi wa ghala, Bwana Mundhiri, akamsihi: "Bwana wangu, upinde uliokazwa hubanwa tumboni, upande ule unaomtazama mpigaji. Ukiachwa hivyo muda mrefu, nyuzi za mti husagika ndani kwa ndani. Zilegezwe, zipumue."

"Amri ya kukaza ninayo," akajibu Mundhiri. "Ya kulegeza sijaletewa."

"Basi iombe."

"Nimwandikie Amiri kwamba amechelewa? Kwani wewe fundi una shingo ngapi?"

Hatimaye Amiri akaja, akachungulia mlangoni, akasema, "Mashaallah," akaenda kula. Baada ya kula akaamuru wapiga mishale watoke kwenda kupambana na wanyang'anyi wa mlimani. Miongoni mwao alikuwamo Harithi, mwana wa pekee wa Ukasha. Na desturi ya mji ule ilikuwa hawatoki mpaka fundi aape mbele ya watu kwamba silaha ni nzima.

Ukasha akaingia ghalani, akapitisha ukucha tumboni mwa upinde. Ukucha ukakwama penye mkunjo mwembamba kama unywele, uliokata mti kwa mapana. Akashika mwingine, nao vilevile. Kila aliougusa ulikuwa hivyo.

"Wewe apa tu," akanong'ona Mundhiri. "Zikivunjika, tutasema ni kadari."

"Kadari ya Mola naiamini, Bwana. Lakini hii ni yako, nami sithubutu kumsingizia Mungu."

Akatoka uwanjani, akasema: "Wallahi, pinde hizi zimekufa. Atakayetoka nazo atamkabili adui akiwa na kuni mkononi."

Watu wakaangua kicheko. "Anamwonea huruma mwanawe! Mfungie bandani na kuku, mzee!"

Harithi uso ukamwiva kwa haya. "Baba, umeniaibisha," akasema. Akatwaa upinde, akauvuta mpaka sikioni ili waone kwamba ni mzima. Ukalia kama mfupa, ukakatika, na kibanzi kikamtoboa jicho.

Safari ikavunjwa. Amiri akauliza ni nani aliyeamuru pinde zikae zimekazwa; hakupatikana wa kumkumbusha. Basi Ukasha akapigwa marufuku kazi yake, maana upinde uliovunjika ulikuwa na alama yake, na Mundhiri akapandishwa cheo kwa kugundua kasoro mapema.

Ukasha akarejea nyumbani, akamwambia mkewe, Bi Safura: "Mama Harithi, nilisema kweli nimwokoe, na kweli imemtoa jicho. Nikisujudu sina la kuomba. Ulimi umekauka."

"Sujudu hivyo hivyo, baba Harithi. Mola hakukudai maneno."

Akasujudu, na machozi tu ndiyo yaliyomtoka. Kijana akageukia ukuta. Baba alimwosha jeraha asubuhi na jioni mpaka likapona, na mwana hakumpa hata salamu.

Ndugu yangu, usidhani kweli hulipwa jioni ya siku iliyosemwa. Wale wapiga mishale walioa, wakazeeka, wakabeba wajukuu, na kila Ukasha alipopita njiani walimnyooshea kidole: "Yule ndiye aliyetuchongea pinde mbovu." Aliwatazama mmoja mmoja, akawaona wako hai, akapita akienda msikitini.